Makofi Mlangoni

Mlezi wa bweni la wasichana, pale Kasulu, haingii chumbani ghafla. Hutua ndoo yake, hupiga makofi mawili ya taratibu kama Waha, wenyeji wa huko, wanavyosalimiana, husubiri aitikiwe, ndipo asukume mlango. Kwenye kikao cha wazazi, uvumi uliposemwa kwamba bwenini wamo wasichana wanaopendana kama mume na mke, baba mmoja alisimama. “Mama mlezi, hayo makofi yako ndiyo yanawapa nafasi ya kujificha! Taja majina, wafukuzwe.”

“Sina majina, baba. Nina watoto arobaini,” alijibu, akifuta viganja kwenye kitenge. “Kwani wewe, chumbani kwa binti yako unaingiaje?”

Watu walicheka, kisha wakanyoosha mikono kukubali wasichana hao wasakwe. Safina, mmoja wa akina mama, naye alinyoosha ili asishukiwe, kwa kuwa binti yake haachani na msichana mwenzake wa bwenini, godoro moja, kikombe kimoja. Mlezi aliutazama mkono wake, si uso.

Baadaye Safina alikwenda bwenini kumuaga binti. Mlango ulikuwa umerudishiwa, ndani kicheko. Alitaka kuingia, hakutaka kuona. Hakujua amekuja kama mama au kama mpelelezi. Akapiga makofi mawili, akasubiri.