Kamba ndogo iliyoniachia juu ya mringaringa kule Kikatiti

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko mjini na mlioko shamba.

Hii sio chai. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi. Humu mtaona uzembe wa mtu mzima mwenye uzoefu wake.

Mimi nakata na kupogoa miti. Naishi Kimandolu, kwetu ni Singida, na kazi hii naingia mwaka wa kumi na moja. Napanda kwa kamba, sio kwa ngazi.

Kwa wasiojua: kamba kubwa inapita juu ya tawi imara. Ncha moja unaifunga kwenye mkanda wako wa kiunoni, upande wa pili unashuka mpaka chini. Kwenye huo upande wa pili unazungusha kamba ndogo, nene kama kidole, halafu unaiunganisha na mkanda. Ukikaa, fundo linabana. Ukilisukuma chini kwa mkono linaachia, unashuka taratibu.

Yaani uhai wako uko kwenye kipande cha kamba kisichozidi urefu wa mkono.

Sasa kamba ndogo ikiwa mpya ni ngumu na inateleza. Lazima uizoeshe. Unaning'inia karibu na ardhi, unapanda na kushuka siku kadhaa mpaka ilainike na ianze kushika. Ikichakaa, lile joto la kushukia linaiunguza, inang'aa na kukakamaa kama plastiki. Hapo ni ya kutupa.

Siku hiyo begani nilikuwa nazo mbili. Mpya ambayo sijaizoesha, na kuukuu iliyoanza kung'aa.

Kazi ilikuwa juu ya Kikatiti, kwa mjane mmoja, tumwite Mama Elia. Mringaringa mkubwa nyuma ya nyumba, tawi limekauka juu ya paa la chumba anacholala. Nilikuwa na mwenzangu Anaeli, Mmeru wa hukohuko, yeye anafanya kazi ya chini.

Asubuhi ile ukungu wa mlimani ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Kamba zilishalowa kabla hatujaanza.

Anaeli akaichukua ile kuukuu, akaikunja. Ikagoma kukunjika.

"Kaka, hii imekufa. Funga mpya."

"Mpya haijazoea. Hii tunajuana."

Ndivyo nilivyojibu, wakuu. Nikapanda.

Kwenye urefu kama wa ghorofa nne ardhi sikuiona tena. Kuku, ng'ombe, redio ya jirani, vyote vilikuwa vimenyamaza. Nikakaa kwenye mkanda nivute pumzi kabla sijazungusha kwenye shina kamba ya akiba, ile fupi ya kujishikiza. (Hapa pia nilikosea, hiyo ilitakiwa iwe ya kwanza.)

Mbele ya macho yangu kulikuwa na jani moja limetobolewa na wadudu. Nikawa nalitazama tu. Baada ya muda likawa usawa wa paji la uso. Halafu likawa juu ya kichwa.

Nilikuwa nashuka. Kimya kimya, bila mtikisiko wowote.

"Anaeli, unagusa kamba?"

Nikainamisha macho kwenye fundo.

Nikasikia harufu ya nailoni inayoungua, na fundo likaachia lote kwa pamoja.

Sijui nilianguka umbali gani. Ninachokumbuka ni matawi yanapita usoni, halafu nikasimama hewani. Sio kwa kishindo. Nilipokelewa, kama mtu anavyopokea mzigo mzito kutoka kwa mwenzake.

Nikaliangalia fundo. Limelegea, halibani kitu. Uzito wangu wote ulikuwa kwenye ule upande niliofungwa kiunoni. Hilo linawezekana kama kuna mtu chini ameshika upande wa pili.

Nikasema, "Asante Anaeli. Shikilia hapohapo."

Kamba ilitulia. Nikazungusha ile ya akiba kwenye shina. Nilipoiegemea tu, kamba kubwa ikaachiwa. Pole pole, kidogo kidogo, kama anavyofanya mtu anayeijua kazi.

Nikaita kwa nguvu. Sauti ya Anaeli ikaja kutoka mbali, upande wa banda.

"Nakuja kaka, mama aliniomba nimsogezee ndama."

Nikaitazama kamba ilivyoshuka na kupotelea kwenye ukungu.

Nilifunga ile mpya niliyokuwa nayo begani, nikashuka huku nimelikumbatia shina kwa kamba ya akiba. Tulikagua chini pamoja. Kamba ilikuwa imelala juu ya nyasi, haijanasa kwenye mche wa kahawa wala jiwe.

Mama Elia akatuletea chai. Nikamweleza. Aliweka birika chini, akaugeukia mringaringa.

"Baba Elia ndiye alikuwa anashika kamba pale," akasema. "Kuna fundi alikuwa juu, tawi likakatika likamwangukia yeye. Hakuiachia. Tulipomfikia ameshafariki, kamba bado iko mikononi. Yule wa juu alishuka mzima."

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Mngepanda?"

Nyumbani niliikata ile kuukuu kwa kisu. Ndani nyuzi zimekuwa unga.

Mpya niliizoesha siku nne kwenye mparachichi wa mwenye nyumba wangu, miguu ikiwa karibu iguse ardhi, mpaka nikaiamini. Tukarudi Kikatiti. Safari hii Anaeli hakubandua mikono kwenye kamba, na tawi tulilishusha vipande vipande bila kuvunja hata bati moja.

Kwa wanaopanda: kamba iliyokakamaa usiionee huruma, na mpya izoeshe chini, sio juu. Wakati wa kuamua mimi nilikuwa nao. Nilichokosa ni kusikiliza.

Kuhusu kilichonishika, sina maelezo. Kama unayo, iwe ya kitaalamu au ya imani, weka hapo chini, nitasoma zote.

Ila siku ile tulipomaliza kazi, tunakunja vifaa, Mama Elia alienda chini ya mti peke yake, akaongea Kimeru kwa sauti ndogo. Nikamuuliza Anaeli anasema nini.

Akafunga begi la vifaa kwanza.

"Anamwambia aachie sasa, mtu ameshashuka."