Breki za Gari la Marehemu

Kahawa bado iko motoni, na Eudelio Carrazana tayari amelala juu ya kadibodi, chini ya gari la shemeji yake, mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe mjini Santiago de Cuba. Magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe. Moja la nyuma limevuliwa.

Anachomoa ngoma ya breki, anafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kisha analegeza skrubu ya silinda. Tone linamdondokea kiganjani. Analinusa.

"Shemeji, hii ni shampuu."

"Mafuta ya breki yanapatikana wapi?" anajibu Mirelda kutoka kizingitini. "Mtaa mzima wanatia shampuu. Au breki zako wewe ndizo zinataka ramu ya miaka saba?"

Mirelda anacheka peke yake.

Eudelio, mwenye miaka sitini na mmoja, alitengeneza malori ya miwa hadi kiwanda cha sukari kilipofungwa. Sasa anakagua breki za majirani. Mwenye peso hulipa peso, asiyekuwa nazo huleta ndizi.

Gari hili lilikuwa la mdogo wake Argelio, mume wa Mirelda. Miaka mitatu iliyopita, akiteremka mlimani na abiria, shampuu ilichemka, kanyagio la breki likazama bila kushika kitu. Akaligongesha gari ukutani ili lisitumbukie bondeni. Abiria walipona. Yeye hakupona.

"Kesho nina watu wa kupeleka," anasema Mirelda. "Mama yangu hali maneno."

"Kesho huna."

Eudelio anaiachia shampuu yote imwagike koponi.

"Kichwa cha nyumbu! Nduguyo ulishindwa kumzuia, leo unanizuia mimi?"

Eudelio anaweka kopo chini.

"Ndiyo," anasema.

Mirelda anaingia ndani. Kahawa inafurika jikoni, hakuna anayeitoa.

"Argelio alipita hapa asubuhi ile ya ajali," Eudelio anamwambia mwandishi wa habari hii, kwa sauti ya chini. "Akasema kanyagio limelegea. Nikamwambia, ngoja nilitazame. Akasema, nikirudi, kaka."

Binti wa Eudelio aliyeko Panama ameahidi kutuma chupa mbili za mafuta halisi ya breki kwa mkono wa msafiri. Zikifika, Mirelda atakanyaga breki, Eudelio atatoa upepo uliobaki kwenye mabomba ya breki. Kisha, kama ilivyo desturi ya mafundi wa huku milimani, aliyefunga breki ndiye abiria wa kwanza.

"Nitakaa pembeni yake, tuteremke mlima ule ule," anasema. "Nataka tufike chini, basi."