Kosa Langu Kalibeba Mkwe Wangu, na Bado Namwonea Wivu

Admin, nifichie jina, hata herufi ya kwanza usiiweke, maana Ngara ni ndogo na wanaonijua wamo humu. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, mfamasia. Duka langu la dawa liko karibu na soko, na miaka ishirini na tatu sasa watu wananiita dokta ingawa sijawahi kuwa daktari. Nimefungua duka siku za Idi, nimefungua hata wiki ya msiba wa mume wangu kwa sababu kuna mama alibisha hodi na mtoto mwenye homa. Mji huu naupenda, na kusema kweli nilipenda zaidi namna ulivyonihitaji.

Mwaka juzi mwanangu wa pekee alioa binti wa Mabawe. Nitamwita Rehema, si jina lake. Mwanangu ni mwalimu huko Nyarubungo, Biharamulo, akaniomba nikae na mke wake dukani ajifunze kazi wakati anasubiri kwenda chuo cha famasia. Nilikubali kwa moyo mweupe. Wa kwanza kumsifia kwa majirani nilikuwa mimi.

Shida ilianzia kwenye lugha. Sisi asili yetu ni pwani, babu alikuja huku kwa biashara, na nyumbani tumezungumza Kiswahili tu. Kihangaza changu kinaishia kwenye salamu. Rehema amezaliwa nacho. Zamani bibi mteja akija kutoka Bugarama siku ya gulio nilimuuliza, "Unaumwa nini?" akanijibu, "Mwili mzima," basi nikampa za maumivu akaenda zake. Rehema anamkalisha kwenye benchi, wanaongea robo saa, mara nasikia kumbe bibi dawa za presha anagawana na dada yake. Na hamwachi aondoke mpaka arudie mwenyewe maelezo, asubuhi ngapi, jioni ngapi. Ni kazi nzuri, niliiona, na iliniuma.

Wakaanza kuchungulia mlangoni. "Shikamoo dokta. Yule binti yupo?" Nikisema katoka kidogo, wanakaa kumsubiri, na mimi nimesimama pale na koti langu jeupe. Siku moja mzee niliyemhudumia tangu sina mvi alinipita, akaenda kumwita yeye dokta. Niliingia stoo nikalia nyuma ya maboksi. Nilipotoka nikamwambia Rehema afagie upya, hakufagia vizuri. Alikuwa amefagia vizuri.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Siku ya gulio, duka limejaa, mama mmoja kijana kutoka Bugarama alileta cheti cha kituo cha afya, mtoto wake wa mwaka mmoja ana kikohozi. Nikachanganya dawa ya maji. Pembeni Rehema alikuwa anacheka na bibi wawili kwa Kihangaza, na mimi nimetega sikio, nina hakika wananisema. Nikaandika kwenye chupa vijiko viwili mara tatu badala ya kimoja. Kisha nikamsukumia Rehema amweleze mteja kwa lugha yao. Akasoma nilichoandika, na yule mama akakirudia bila kukosea, kama Rehema alivyowazoesha wateja.

Baada ya siku mbili alirudi na chupa mkononi. Mtoto alitapika na kuharisha mpaka akawekewa maji kituoni. Alikuwa ameshapona, lakini hasira za mama zilikuwa bado mbichi. Akamnyooshea Rehema kidole mbele ya watu. "Ni huyu dada aliniambia viwili."

Rehema akaichukua chupa, akautazama mwandiko, kisha akanitazama mimi. Mwandiko wangu anaujua vizuri. Nikawahi kusema kwa sauti, "Nilishasema huyu bado anajifunza." Akaiweka chupa mezani, akapiga magoti mbele ya yule mama, akamwomba msamaha. Mimi hakunitaja.

Habari ilienea soko zima. Wateja wakamkwepa, wakarudi kwangu, na sitawaficha, nilifurahi. Nilikula vizuri wiki nzima. Yeye nyumbani akaendelea kupika na kuniamkia, "Shikamoo mama," kwa sauti ileile. Nilitamani anijibu vibaya hata mara moja ili na mimi nipate la kusema. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe, "Mbona hukusema?"

Akanijibu huku anachambua mchele, "Mama, mimi wakinikataa, wewe upo. Wewe wakikukataa, wale bibi wataenda kwa nani?"

Angenitukana ningepona. Yaani hata kwenye wema amenipita, tena bila kuinua macho kwenye ungo.

Sasa mwanangu amesikia. Amenipigia simu. "Mama, Jumamosi namfuata. Aache hiyo kazi kabla hajaua mtoto wa mtu. Chuo basi tena, atanisaidia shamba huku." Nikajibu, "Sawa, baba." Rehema anakunja nguo zake chumbani, na ukweli hajamwambia hata mume wake. Leo ni Alhamisi.

Najua mtasema nikiri. Mnadhani naogopa aibu, au wateja kunikimbia. Hayo ningeyavumilia, nimevumilia makubwa. Kinachonifunga mdomo ni kingine, na nakisema hapa kwa sababu hamnioni sura: nikisema ukweli, mji mzima utajua alichonifanyia, na watampenda mara mbili ya mwanzo. Nikinyamaza, namuua binti wa watu akiwa hai, na mwanangu ataishi na mke anayemwona mzembe mpaka wazeeke.

Nina kesho tu. Nishaurini ndugu zangu, na mkitaka kunitukana nitukaneni. Ila msiniambie kwamba ni binti mzuri. Hilo nalijua kuliko ninyi, na ndilo linaloniumiza.