Dadu za Mpingo

Shemeji yangu Albano hakuwahi kuweka kitu mezani bila kukipuliza kwanza. Kikombe, kijiko, hata simu: alikiinua, akakipuliza, ndipo akakiweka. Yalikuwa mazoea ya vumbi la mbao. Alichonga vinyago Mwenge tangu alipotoka Newala akiwa kijana, na dada yangu Flaviana hakuchoka kumwambia kwamba vyombo ni visafi.

Watalii walipoadimika, alibuni mchezo wa biashara. Ubao wa mninga uliochorwa vituo vya jiji. Unanunua kiwanja, unajenga genge, genge likikua unaweka duka, na anayesimama kwako anakulipa. Vijumba vilikuwa vya mpingo, vidogo kama korosho. Wachongaji wenzake waliucheza mchana kutwa kwa dadu ya plastiki.

"Madale nimeshaweka duka, braza," Ansbert, jirani yake wa kibandani, alimtania. "Wewe kapange Gongo la Mboto!"

"Mie Madale nina kiwanja cha kweli. Hicho hukichukui kwa dadu."

Alikuwa nacho. Flaviana alikuwa ameshapanda michungwa mpakani, akisubiri msingi tu.

Gozbert, mwenye maduka ya zawadi, akaagiza seti nyingi, malipo baada ya kuuza. Albano akauza kiwanja, akanunua magogo ya mpingo. "Tutapata kikubwa zaidi," alimwambia mkewe.

Safari hii na dadu alizichonga mwenyewe. Pale Mwenge mteja huogopa kuuziwa mti wa kawaida uliopakwa rangi ya viatu, kwa hiyo mchongaji huacha weupe kidogo wa gogo uonekane, ijulikane kwamba mpingo ni wenyewe. Albano aliuacha weupe huo kwenye kila dadu, upande wa sita. Ulipendeza. Lakini weupe wa mpingo ni mwepesi, weusi wake ni mzito. Ukirusha, weusi ulilala chini na sita ikatazama juu, tena na tena. Wachezaji wote wakawa wanasimama vituo vilevile.

"Fundi, wateja wananirudishia," Gozbert alisema, akizimwaga dadu mezani. "Wanasema nimewauzia mchezo wa matapeli."

"Nitachonga zingine, bosi."

"Na jina langu utalichonga?"

Wakahamia chumba cha kupanga, Gongo la Mboto. Ansbert hakuurudia ule utani wake. Seti zilizorudishwa bila malipo zilipangwa hadi darini, na Flaviana aliacha kusema kwamba vyombo ni visafi.

Mara ya mwisho nilipomwona Albano, kifua kilikuwa kimembana. Dada alikuwa uani anafua. Ubao ulikuwa kitandani, kati yetu. Alichukua kijumba kimoja, akakipeleka mdomoni akipulize, pumzi haikutosha. Akabaki amekishika juu ya Madale, halafu juu ya Mwenge, halafu hewani tu.

"Hiki nikiweke wapi, shemeji?"