Uso Wangu Kwenye Maji ya Wageni

Naomba msicheke mpaka nimalize, kwa sababu mpaka leo nikiona beseni la buluu nageuza shingo.

Ilikuwa siku ya mahari, kwetu Birongo. Watu wa Ondieki, mchumba wangu, walikuwa sebuleni na wazee wetu, na mnajua hakuna ng'ombe anayetajwa mpaka msichana aitwe aulizwe mbele ya wote, "Unawajua hawa? Tule mali yao?" Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nikingoja kuitwa, moyo ukaanza kudunda, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakata (huo wasiwasi ninao tangu zamani, na nilikuwa naenda kwa mshauri Kisii mjini, lakini nyumbani nilisema najifunza kushona, na Ondieki nikamwambia hivyo hivyo, nikiogopa ataambiwa anaoa kichaa). Mshauri alinifundisha kwamba nikizidiwa nizamishe uso kwenye maji baridi, nishike pumzi, moyo utashuka wenyewe. Na hapo mbele yangu kulikuwa na beseni la maji ya chemchemi, la wageni kunawa mikono. Nikajiambia, ni kidogo tu, nani ataona?

Nikazamisha. Na niwaambie ukweli, inafanya kazi! Nilitulia mpaka nikasahau kuna wageni. Kumbe babake Ondieki amezunguka nyuma akitafuta choo.

"Uuuwi! Msichana anajiua!"

Akanikamata mabega, akanivuta, wigi ikabaki mkononi mwake ikichuruzika maji. Mtasema alifanya vizuri, sawa, lakini kwetu baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hata mkono hampi, na huyu ameshika mpaka nywele! Sebule yote ikamwagika nje. Shangazi yangu analia. Mamake Ondieki hakulia, alimwambia tu mwanawe polepole, "Kama hakutaki, twende nyumbani." Wakaanza kuchukua mikoba yao.

"Kwamboka," Ondieki akasema, "si ungeniambia tu?"

Hapo ndipo nilipoumia. Nikasema yote, maji yakinitiririka kidevuni: wasiwasi, mshauri, uongo wa kushona. "Namtaka huyu. Wazee wetu, kuleni hizo ng'ombe."

Babake Ondieki alikuwa ameugeukia ukuta wa jiko kwa aibu, wigi bado mkononi, na akaongea na huo ukuta. "Huo moyo kudunda, unakujanga hata ukiwa umelala?"

"Unakuja, baba."

"Wangu pia. Mimi nilikuwa nasema ni presha."

Mkewe akaweka mkoba chini, akamwangalia. Hata yeye alikuwa hajawahi kuambiwa.

Tulioana. Maji bado natumia, ila nimeapa sizamishi uso tena kabla ya kumwambia mtu kwa sauti, "Naenda kutuliza moyo, msinivute." Na baba mkwe akitutembelea (haniangalii usoni, heshima iko pale pale), kuna siku humtuma Ondieki jikoni aniambie mzee anaomba beseni. Nalijaza maji baridi, naliweka nyuma ya jiko, halafu naenda zangu shambani nimwachie nafasi.