Mashine Yenyewe Ikatae

Tafida Abdelgelil alikuwa na miaka kumi na tisa alipokalishwa mbele ya presi kwa mara ya kwanza, na hamsini na mbili alipofukuzwa. Katikati ya hapo alitengeneza sufuria za kutosha kupikia Misri nzima. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa Mit Ghamr ni mji wa alumini na watu wake wanajua kuhesabu sufuria.

Presi haina mzaha. Unaweka duara la bati kwenye kalibu, unabonyeza vitufe viwili, kimoja kwa kila mkono, na chuma kinashuka kwa uzito wa lori, kisha kinainuka na kuacha sufuria. Vitufe ni viwili kwa sababu moja tu: mikono yote iwe juu yake, isiwe chini ya chuma. Hivyo ndivyo viwango vya taifa vilivyoagiza tangu Tafida hajaolewa.

Lakini mikono miwili inachelewesha kazi. Msimamizi wa karakana, Usta Zaghlul, aligundua zamani kwamba ukikifunga kitufe cha kushoto kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kikae kimebonyea siku nzima, mfanyakazi anabonyeza cha kulia huku mkono wa kushoto ukipanga bati. Sufuria mia tatu zinakuwa mia tano. Mkaguzi akionekana kona ya mtaa, mipira inafunguliwa. Akitoka, inarudi.

Jumanne moja, baada ya chai, Husniya wa presi ya pili, binti wa miaka ishirini na minne, alichelewa kuutoa mkono. Vidole vitatu vikaenda. Tafida ndiye aliyemfunga kwa mtandio wake mwenyewe na kumpakata mpaka gari lilipofika. Aliporudi ndani, damu bado iko mikononi, alikuta mpira umekwisha kufunguliwa na karatasi ipo mezani.

"Tia sahihi hapa, Umm Nadir," Usta Zaghlul akamwambia Tafida, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ulikuwa karibu, uliona."

"Imeandikwa nini?"

"La kawaida tu. Ajali."

Tafida husoma taratibu, lakini husoma. Karatasi ilisema: uzembe wa mfanyakazi, vitufe vyote viwili vilikuwa vizima.

"Mpira uko wapi, Usta?"

"Mpira gani?"

"Ule ulioufunga asubuhi kwa mkono wako. Au nao umelazwa hospitali?"

Mtu akacheka huko nyuma, kicheko cha woga, kikakatika.

"Wewe mama una familia," Zaghlul akasema kwa sauti ya chini. "Usijitafutie balaa. Sahihi moja haiui mtu."

"Kweli. Na kalamu haikati vidole, ndiyo maana wewe umeishika hiyo." Akaichukua ile kalamu, akaichomeka kwenye mfuko wa shati la msimamizi, akaenda kunawa. Karatasi ikabaki bila jina lake.

Mumewe, Abdelsamad, alikuwa amestaafu ukataji tiketi kwenye treni, na sasa kazi yake ilikuwa kulisoma gazeti mpaka mstari wa mwisho. Wiki tatu baadaye, wakiwa kwenye sinia la maharage ya ful na vitunguu, akasoma kitangazo kidogo: viwango vya usalama wa mashine za viwandani vinahuishwa, na wananchi wana siku sitini za kutoa maoni.

"Wananchi hapo maana yake wenye tai," akaongeza.

"Na mimi ni nani? Mtalii?"

Wakaitafuta rasimu. Abdelsamad akaisoma kwa sauti jioni mbili, akipiga miayo, mpaka akafika kwenye kifungu kilichosema kwamba mashine zilizosimikwa kabla ya viwango hivi zitaendelea na utaratibu wa zamani. Tafida akamsimamisha. Katika mji mzima hakujua presi moja iliyokuwa na umri chini ya miaka ishirini.

"Kwa hiyo wanatunga sheria ya mashine ambazo hazijazaliwa," akasema. "Lete kalamu."

Barua yake ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jibu likaja: afike Kairo, mbele ya kamati. Alipoomba ruhusa ya siku moja, Usta Zaghlul hakuinua hata macho.

"Ukienda, usirudi."

"Nikirudi nitakusimulia," Tafida akamjibu, akaondoka.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya sita. Meza ndefu, chupa za maji, wanaume kumi na mmoja na mhandisi mmoja mwanamke aitwaye Lamis. Mjumbe wa wenye karakana alitangulia kuzungumza. Alikuwa mpole, sauti yake asali. Tatizo si mashine, alisema, ni tabia. Wafanyakazi waelimishwe, mabango yabandikwe ukutani.

Mwenyekiti akampa Tafida dakika tatu.

"Mimi nimeelimika miaka thelathini na mitatu," akaanza. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza. "Najua mpira ule unatakiwa ufunguliwe. Najua pia kwamba nikiufungua, kesho kiti changu kina mtu mwingine. Mfanyakazi hawezi kukataa. Basi andikeni kwamba mashine yenyewe ikatae."

"Mashine itakataaje, mama yangu?" mjumbe akauliza, akitabasamu kwa wenzake.

"Kitufe kimoja kikiwa kimebonyea kabla ya mwenzake, isishuke. Vibonyezwe pamoja, viachiwe pamoja, ndipo ishuke tena. Mimi si mhandisi. Lakini lifti ya jengo hili ilikataa kupanda mpaka mlango ufungwe, na haikuniuliza kama nimeelimika."

Lamis akacheka wazi, akawageukia wenzake. "Jambo hilo lipo, na lipo miaka mingi. Ni kisanduku tu cha umeme, hata presi kongwe inakipokea."

"Kwa zilizopo, gharama..." mjumbe akaanza.

"Presi iliyomkata Husniya ni kongwe," Tafida akamkatiza. "Haikukata kidogo kwa sababu ya uzee."

"Muda wako umekwisha, mama," mwenyekiti akasema.

"Nimesikia. Karani anisomee alichoandika."

"Utaletewa kumbukumbu baadaye."

"Anisomee sasa. Nimeshaona karatasi moja ikiandika yasiyokuwepo." Hakuketi. Mwenyekiti akamwashiria karani. Karani akasoma. Mahali pa mashine kukataa palikuwa na neno 'wapunguze', yaani wenye karakana wapunguze hatari. Tafida akamwambia alifute, yeye alisema 'ikatae'. Likafutwa.

Kesho yake alikuta birika na bilauri yake vimewekwa nje ya lango la karakana. Alilia njia nzima, hilo hakulificha. Lakini alipofika nyumbani alifunga mtandio upya, akampitia Husniya, wakaenda wote wawili ofisi ya kazi ya wilaya kueleza habari ya mpira. Walikwenda mara sita. Mara ya sita neno 'uzembe' likaondolewa kwenye jalada la Husniya.

Viwango vipya vilitoka baada ya miezi minane. Kifungu cha kukataa kilikuwemo. Mashine kongwe hazikusamehewa, ila zilipewa miaka miwili. Abdelsamad alitaka kuchinja kuku. "Miaka miwili ni vidole vingapi?" Tafida akamuuliza, na usiku uleule akaanza barua nyingine. Wanawake wa karakana hawakuingoja miaka hiyo. Asubuhi moja walikaa wote na mikono mapajani mbele ya presi zilizokuwa zikinguruma bure, na Usta Zaghlul akapiga kelele mpaka akakauka koo. Siku ya nne mafundi wa umeme waliletwa kufunga vile visanduku.

Mwaka uliofuata kamati ilimwita tena Tafida, safari hii kwa viwango vya mashine za kuviringisha bati, awe mjumbe. Karani yuleyule alimtengenezea kadi ya kubandika kifuani: Tafida Abdelgelil, mfanyakazi wa presi (zamani), Mit Ghamr.

"Hii 'zamani' ni ya nini?"

"Si walikufukuza, hajati?"

"Kazi waliniondoa. Ufundi je, waliuondoa?" Akamrudishia kadi. "Andika upya."

Wajumbe walikuwa wameshaketi, mwenyekiti akitazama saa. Tafida akasimama mlangoni akasubiri kadi mpya.