Fomu ya Hijazi na Ndugu wa Ziwa Moja

Mpaka leo nikiona fomu yenye mistari ya nukta nukta, damu inanichemka. Watoto wangu hucheka. Wacheke tu, hawakuwepo siku mama yangu alipoambiwa, mie nasikia, kwamba aandikwe mke wa kaka yake.

Ilikuwa bado enzi za Mwingereza, sie tunakaa Buguruni. Mama alikuwa mjane, mtoto wake ni mie binti peke yangu, anauza vitumbua asubuhi, na kwa miaka chungu nzima alikuwa na neno moja: kwenda kuhiji kabla macho hayajamzimika. La kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia nalo lilianza kumdanganya; mara mbili alinipita njiani asinijue. Alitaka kuiona Kaaba kwa jicho lile moja lililobaki, basi.

Mwanamke hakuruhusiwa kwenda peke yake. Ilitakiwa aandamane na maharimu, yaani mumewe, au mwanamume ambaye dini imemharamishia kumuoa milele. Mama alikuwa naye: mjomba wangu, seremala wa Chang'ombe, aliyekuwa akijiandaa na safari hiyohiyo. Mjomba hakuzaliwa na bibi yangu. Mama yake alifariki akimzaa, na bibi, aliyekuwa jirani yao na anamnyonyesha mama yangu, akamchukua, huyu ziwa hili, huyu ziwa lile, mpaka wakaacha. Kwetu hapo hapana mjadala. Ni ndugu, kuoana ni haramu, na mie sijawahi kuwa na mjomba mwingine.

Masharti tuliyatimiza yote. Chanjo ya ndui mama alichanjwa, mkono ukavimba siku nne asiweze hata kukoroga unga. Picha nayo wakataka uso wazi, masikio yaonekane. Jamani! Mwanamke ambaye hata muuza samaki wa mlangoni hajawahi kumwona nywele! Alilia pale pale kwenye kiti. Mpiga picha, Mhindi mmoja mtu mzima, akamwita mkewe kutoka ndani, yeye akageukia ukutani, mkewe akapiga. Hao wawili nawaombea dua hadi leo.

Siku ya ofisini tulisimama tangu asubuhi, mama, mjomba na mie niliyekuwa nimesoma kidogo. Karani alikuwa mtu wa hukuhuku Buguruni, kofia ya viua kichwani, Ijumaa tunamwona akienda msikitini.

"Huyu nani wako?"

"Kaka yangu," mama akasema.

"Baba yenu anaitwa nani?"

Wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akamtaja wake. Akauliza la mama, wakafanya vilevile, tena kwa sauti, bila wasiwasi wowote. Hapo ndipo tulipojiponza, kwa sababu haikutupitikia akilini kwamba swali lile lilikuwa mtego.

Karani akaweka kalamu chini. "Bibi, unaidanganya serikali."

"Astaghfirullah! Mwanangu, tumenyonya ziwa moja."

"Fomu haina mstari wa kunyonya. Ina mume, baba, kaka, mtoto."

"Kwani wewe si Mwislamu? Hulijui hilo?"

"Nalijua, bi mkubwa. Bwana mkubwa huko ndani halijui." Kisha akainama, akapunguza sauti kama mtu anayetufanyia hisani. "Nimwandike mume. Nani atauliza?"

Ala! Mjomba, mtu mpole kuliko wote niliowajua, alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mama akaweka kiganja juu ya ile karatasi.

"Nikasimame Arafa nikiwa mke wa kaka yangu? Nimwambie nini Mungu? Thubutu!"

Nikaanza kelele, nikataka tuonwe na mzungu mwenyewe. Akatoka, kikombe mkononi. Nikamweleza kwa Kiingereza changu chote. Akatazama karatasi tu, bila kumtazama mama hata kidogo, akauliza: ni kaka au si kaka? Nikaanza upya. Akanisifu kwamba Kiingereza changu ni kizuri, akarudi ndani. Yaani nimemweleza habari ya mama yangu, yeye ananipa maksi!

Mjomba alisema basi, naye haendi. Mama akamfokea, nenda, kaniombee huko, sitaki deni la hija yako shingoni mwangu. Akaenda. Aliporudi na kidumu chake cha zamzam, jicho la kulia lilikuwa limeshazimika. Mama alimpapasa kichwa alichokinyoa huko, akamuuliza Kaaba ikoje, mjomba akamsimulia mpaka akachoka. Mama akamwambia asimulie tena. Mie nilitoka nje, nilishindwa kuvumilia.

Mwaka haukuisha, mama akafariki. Jeneza lilipokuwa tayari uani, mwalimu wa msikiti akauliza kwa sauti: "Maharimu wake nani, amshushe kaburini?" Uani watu wote, wanawake kwa wanaume, wakamwonyesha mjomba. Hapana aliyemuuliza jina la baba yake. Yule karani naye alikuja kuzika, alikuwa karibu na mlango na kofia yake ileile ya viua, na yeye pia alinyoosha mkono akamwonyesha mjomba. Nilimwona kwa macho yangu mawili, na sijamsamehe.